Dawa ya Mwajuma Mmoja

Mwanangu Mwajuma,

Mama yako yuko chumbani anakukunjia nguo, na nasikia unamkatalia sweta la tatu. Mwache alitie. Mambo ya nguo, chakula na watu wa kukaa nao huko masomoni Njombe ni yake, amekwisha kukwambia wiki nzima na kesho asubuhi atakwambia tena. Mimi nimekaa huku kwenye meza ya kulia na kalamu ya duka la dawa, naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Tangu alasiri nimekuja mlangoni kwako, ukanitazama, nikakuuliza kama umekwisha kufunga begi. Si hilo nililotaka kukuuliza.

Barua hii nitakupa stendi, gari likiwa limewaka. Nimefanya hivyo makusudi, na sababu yake utaiona mwenyewe.

Sina ubavu wa kuzungukazunguka. Leo mchana nimejua kwamba unagawana dawa zako na somo wako wa Kiongoroni, mtoto wa shangazi yako. Siku moja unameza wewe, siku ya pili unaruka, na ile uliyoiruka unamwekea yeye. Nimeogopa, mwanangu. Nimeogopa kuliko siku ile daktari aliponitamkia neno sikoseli kwa mara ya kwanza, wewe ukiwa mapajani mwangu unamchezea kalamu yake.

Nilivyojua ni hivi. Somo wako yuko Mchukwi, hospitali ya misheni, amelazwa. Maumivu ya ugonjwa wenu nyote wawili yalimpanda wakiwa kule visiwani, mgongo na miguu, wakamtoa kwa boti ya injini mpaka Nyamisati na kutoka hapo wakapata gari. Shangazi yako Siwema alinipigia simu mimi peke yangu. Akaniomba nisikwambie, usije ukaivuruga safari. Nikaomba ruhusa dukani, nikaenda. Nilimkuta dada yangu amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, macho mekundu, na katika kusema nami akafungua pindo la khanga atoe leso. Ikaanguka bahasha ya dawa. Mwajuma, ile bahasha ilikuwa na mwandiko wangu.

Nikamuuliza, "Siwema, hii umeipata wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si dawa za somo? Mwana hunipa kila mwezi nikija kuuza kamba. Wewe si ndiye watoa, kaka? Siye twajua watoa wewe."

Basi ule mfuko wa kamba wakavu uliokuwa ukija nyumbani kila mwezi, ambao mimi nilijisifu nao dukani kwamba dada yangu ananipenda, kumbe ilikuwa asante. Alikuwa ananishukuru kwa jambo nisilolijua, nami nakula na wali.

Usidhani nakukasirikia. Nilikasirika, ndiyo, pale kwenye benchi, kwa muda mfupi. Kisha nikakumbuka nani alikufundisha.

Bibi yako Mwajuma, Mungu amrehemu, alipopata wajukuu wawili wa kike mwaka mmoja, wewe kwangu na mwenzako kwa Siwema, nyote mkapewa jina lake. Kwetu jambo hilo si dogo. Ukipewa gauni la Idi, somo wako akatiwe katika gora lile lile. Ukichinjiwa kuku, paja moja lifungwe liende Kiongoroni, hata likifika limechacha. Bibi alikuwa akisema, "Somo hali peke yake," na ulikuwa ukiimba maneno hayo ukigawa karanga. Sisi tukicheka, tukikusifu kwamba una moyo. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukimpa kapsuli mkononi na mwenzake hana, atafanya nini? Ulifanya tulichokulea ukifanye.

Lakini nililokufundisha mimi ni baya zaidi ya hilo la bibi. Mlikuwa wadogo, hata shule hamjaanza vizuri, somo wako alipoletwa hapa Kibiti analia, tumbo limejaa. Bima yangu ya kazini inakuandika wewe, mama yako na mimi. Mpwa hana nafasi humo. Nilichukua kadi yako nikamfungia khanga ya mama yako, nikampeleka dirisha la hospitali. Wakauliza, "Jina la mtoto?" Nikasema Mwajuma. Wakaangalia picha ya kadi, uso mviringo kama wako, nywele zimenyolewa kama zako, wakapitisha. Sikusema uongo hata neno moja! Niliirudia sentensi hiyo moyoni njia nzima, nikajiona mjanja. Ulikuwa umesimama pembeni ukaona yote, na jioni ukaniuliza, "Baba, kumbe kadi yangu ni ya sote?" Nikakujibu, "Ya sote, mama." Nilijibu hivyo nikiwa na furaha.

Tukaifanya hivyo tena na tena. Siwema akileta mtoto, kadi inatoka kabatini kama ufunguo wa nyumba ya familia. Mpaka walipoanza kupima vidole na uso kwenye mashine, pale mchezo ukaisha. Nikamwambia Siwema sasa haiwezekani, tutafute njia nyingine. Njia nyingine ilikuwepo. Wangeweza kujiandikisha wao wenyewe kama kaya, mimi ningesaidia mchango, na fomu nilikuwa nazileta nyumbani nikizifungia vitumbua. Sikufanya hivyo. Kila mara nilisema mwezi ujao. Nilisema hivyo kwa sababu mtoto alionekana ana nafuu, na nilidhani Mungu amemhurumia. Kumbe nafuu ilitoka kwako. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nimeisema methali hiyo maisha yangu yote nikiwacheka wengine.

Sasa sikiliza jambo la kazi yangu, maana nimelifanya miaka mingi na sijawahi kukueleza. Ulikuwa ukija dukani kunisubiri, ukaona nagonga mihuri, ukadhani nauza kama anavyouza muuza nyanya. Hapana. Mtu wa bima akija na cheti, dawa iliyopo mkononi mwangu haitoki kwa sababu anaumwa. Inatoka kwa sababu ugonjwa ulioandikwa, dawa iliyoandikwa, kiasi kilichoandikwa na mtu aliyesimama mbele yangu vyote vinakubaliana. Napiga namba, naombea idhini, naandika, anatia sahihi kwamba amepokea. Mwisho wa mwezi bosi wangu Bi Hadija anakusanya karatasi zote tunazipeleka tukidai. Kule wanakaa watu wanazisoma. Wakiona kasoro wanakata. Wasipoona, wanalipa, lakini kwa wakati wao, na Bi Hadija huku anadaiwa na waliomletea mzigo.

Ndiyo maana wakati mwingine alikuwa akiniambia, "Bakari, ile ya bei kubwa kwa watu wa kadi sema imekwisha." Nami nikasema. Nilimwambia mzee mmoja aliyetoka Utete, amekuja na wavu wake begani kana kwamba atapitia mtoni akirudi. Nikamwambia, "Imekwisha, mzee wangu." Akanitazama, akatazama kabati la kioo nyuma yangu. Akasema, "Imekwisha, au imekwisha kwangu?" Nikapanga makopo yaliyokuwa yamepangika. Huko uendako, mwanangu, wakikwambia imekwisha, uliza kama alivyouliza mzee yule, kwa upole, halafu usiondoke. Mtu wa dirishani anaijua sauti ya anayejua. Mwambie akupe karatasi ya kwenda duka jingine lililoidhinishwa, ipo, na wengi hawaitoi mpaka uitaje.

Ile dawa yako Bi Hadija anaiweka kwa ajili yangu tu. Hapa mjini hakuna mwingine anayeiagiza. Kila mwezi niliitoa kwenye kopo kwa mkono wangu, nikahesabu mbele ya macho yako, nikaandika bahasha, ukatia sahihi, nikakwambia kwa utani, "Mteja, karibu tena." Ukacheka. Uliondoka hapo ukaenda kuigawa nusu kwa nusu.

Unajua kilichoniua? Kliniki iliyopita. Daktari aliangalia damu yako akatingisha kichwa. Akasema, "Mwajuma, unameza vizuri?" Ukasema ndiyo, daktari. Mimi niliyekaa pembeni nikaongeza kwa kiburi, "Huyu ni mtoto wa mtoa dawa, hawezi kukosea." Akasema basi dawa haimkamati, tuongeze. Akaongeza. Akaandika kapsuli mbili mahali pa moja. Nikazitoa mbili. Unaelewa maana yake? Dawa ile si panadoli. Ikizidi inakula chembe za damu zinazokukinga, ukipata kikohozi cha kawaida kinakuangusha. Daktari alikuongezea kwa sababu aliamini umemeza yote. Ungekwenda huko kwenye baridi, mbali na somo wako, hakuna wa kugawana naye, ukaanza kumeza zote mbili kila siku kwa mara ya kwanza katika maisha yako, wala hakuna ajuaye. Nimelifikiria hilo nikiwa kwenye benchi.

Nikainuka nikamtafuta daktari. Ni yule yule wako, alikuwa zamu. Nikamwambia yote, ya kapsuli na ya kadi ya zamani, pale koridoni, watu wakipita na mabeseni. Nilitaraji anifukuze. Hakufoka. Alivua miwani, akasema, "Bakari, miaka hii yote nilikuwa natibu damu ya nani?"

Wewe unalo jibu lake?

Akanipa maneno ya kukuambia, nami nayaandika kama alivyosema. Rudi kwenye moja kila siku, bila kuruka. Ukifika, kabla ya wiki kupita, nenda hospitali ya kule upimwe damu, na uwaambie kwamba ulikuwa unameza siku moja na kuruka siku moja. Usione haya. Wakiuliza kwa nini, sema baba yangu ndiye aliyenionyesha. Wakisema wataifungia kadi kwa sababu dawa zilikwenda kwa mtu mwingine, waambie wanipigie mimi, maana madai yote yana jina la mtoa dawa chini, na jina hilo ni langu. Barua ya daktari nimeibandika nyuma ya hii. Kesho nikitoka stendi nakwenda kwa Bi Hadija kumwambia kabla hajasikia kwa watu. Sijui atafanya nini. Anaweza kunitoa dirishani. Anaweza kulifunga dirisha lenyewe kwa watu wa kadi, na hapo mzee wa Utete hatapata hata wa kumdanganya. Mimi ndiye niliyeyaleta hayo kwa watu wote hao. Naomba Mungu, na ninaona hata kumwomba kuna aibu.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo gumu, na ndilo lililonifanya nikupe barua hii ukiwa umekwisha kukaa.

Daktari alisema somo wako naye asiendelee na zile kapsuli hivi hivi, bila vipimo, bila kadi yake. Apimwe kwanza, aandikiwe zake kwa jina lake. Ni kweli, na kila mtoa dawa anajua ni kweli. Lakini nimekwisha kukwambia dawa inavyotoka. Kadi haiandikishwi leo ikatumika leo. Nitawaandikisha Siwema na watu wake wiki hii, naapa, na bado kuna kusubiri mpaka iive. Katika kusubiri huko yeye atakuwa na dripu, dawa za maumivu, na subira. Hana kingine. Mimi mtoa dawa wa miaka yote hii, ndugu wa mama yake, sina kingine cha kumpa.

Nilirudi kwenye benchi, nikamwambia Siwema anipe bahasha. Akadhani nataka kuiandika upya. Akanipa kwa mikono miwili. Nilipoitia mfukoni akasimama.

"Kaka, waipeleka wapi?"

"Ni za Mwajuma."

"Na huyu aliye ndani si Mwajuma?"

Nikamweleza habari ya daktari, ya vipimo, ya kadi. Nilieleza vizuri sana, kama ninavyowaeleza wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, hakupiga kelele, "Haya. Lakini mama angekuwapo usingempokonya mjukuu wake akiwa kitandani." Akakaa, akanigeuzia mgongo. Dada yangu hajawahi kunigeuzia mgongo tangu tuzaliwe, hata tulipogombania shamba.

Hizo kapsuli ziko katika begi lako, mfuko wa ndani, chini ya sabuni. Ni zako zote. Nilizitia wakati mama yako amekuita kula.

Na sasa, kama umefika hapa, najua unataka kushuka. Nakujua. Umeshika begi na unamwangalia kondakta. Nakuomba, mwanangu, kwa maziwa ya mama yako na kwa jasho langu lote, usishuke. Ukirudi hospitali utamwachia, utamwachia kwa kucheka, utasema huko Njombe zipo tele. Halafu nitapigiwa simu kutoka huko kwenye baridi, na watu nisiowajua, wakiniambia mwanao yuko wodini hana fahamu. Na mwenzako naye atakuwa ameshikilia dawa isiyomtosha, na damu haijapimwa. Nitawazika wawili kwa jina moja. Siwezi, Mwajuma. Nimefanya makosa mengi na nimeyabeba, hili sitalibeba. Nichukie. Mwambie mwenzako wa bwenini kwamba baba yako ni mtu katili. Lakini uwe hai unapomwambia.

Sikuombi usimpende. Mpigie simu, mtumie sauti, mtanie kama mnavyotaniana. Kila asubuhi utakapochukua kapsuli moja utamfikiria, na utasikia kama unamwibia. Nami nitasikia hivyo. Meza hivyo hivyo.

Kabla sijaondoka niliingia wodini kumuaga. Amekonda, macho yamekuwa makubwa, na ile mashine ya dripu inadondosha juu ya kichwa chake. Akaniuliza, "Mjomba, somo yuko wapi? Mbona hajaja kuniona?"

Nikamwambia umekwisha kuondoka, tangu juzi. Nilimdanganya mtoto mgonjwa, na wewe wakati huo ulikuwa nyumbani unasuka nywele.

Akasema, "Basi afadhali. Huko kuna baridi, asije akakosa dawa. Mwambie mama zile nilizobakiza ampelekee."

Zilikuwa mfukoni mwangu.

Nenda, mwanangu, uende salama.

Baba yako,
Bakari